Aliyefunga Kwenye Ukungu

Mwaka huu nimegundua kwamba daftari langu la mpira lina kosa. Kosa hilo halikunidhuru mimi niliyeliandika. Limemdhuru mtu mwingine kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mimi ni fundi saa hapa Makandana, ingawa siku hizi kazi kubwa ni kubadilisha vioo na betri za simu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine niliyonayo kichwani nimejifundisha mwenyewe, na karibu yote yalipitia kwenye michezo. Kiingereza nilikisoma katika vitabu vya wanamichezo nilivyonunua Mbeya kwa wauza vitabu vya mitumba, vingine havina hata jalada. Cha kwanza kilikuwa cha mkimbiaji wa masafa marefu. Kilinichukua masika yote, kitabu kushoto na kamusi kulia, na masika ya Tukuyu si mafupi. Baadaye nilisoma vya mabondia, vya wacheza kikapu, vya makocha. Nimefikia hatua ya kujua wapi pa kuamini. Mwanamichezo akieleza ushindi wake, nasoma kwa tahadhari. Akieleza asubuhi aliyoshindwa kufunga kamba za viatu kwa baridi, namwamini, kwa sababu hakuna aliyemwomba aseme hilo.

Tangu ujana wangu nimekuwa katibu wa timu ya kata. Ukatibu wenyewe ulikuwa kuwa na kalamu na saa inayokwenda sawasawa. Kila mechi niliandika kikosi, hali ya hewa, dakika ya goli na jina la mfungaji. Nilijiwekea sheria: nisichokiona siandiki, na kama sikukiona, nataka watu wawili waliokiona, na mwenye kudai hahesabiki kuwa shahidi. Kila mwisho wa msimu nilisoma hesabu mbele ya wachezaji na mashabiki, nani kafunga mangapi, na neno langu likawa ndilo la mwisho. Nilijivunia sheria hiyo. Niliwaambia watu kwamba ligi za kulipwa huko Ulaya zinaheshimika kwa sababu kila kitu kinaandikwa, na kwamba sisi tunadharauliwa kwa kuishi kwa masimulizi.

Jumapili moja mwaka huu, baada ya ibada, nilikuwa kwenye kibanda umiza cha hapa Makandana, tumelipa kiingilio tukiangalia ligi ya Ulaya kwenye televisheni. Goli lilifungwa, refa akaenda kuangalia marudio kwenye televisheni ya pembeni ya uwanja, akalikataa. Kibanda kilichafuka. Mimi nilikuwa naandika dakika. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mzee mmoja anayechochea tanuri la kukaushia majani katika kiwanda cha chai. Zamani alikuwa kipa wa timu ya wafanyakazi wa chai, wapinzani wetu wakubwa. Akalitazama daftari langu, akanigusa kiwiko.

“Katibu, lile goli lako la ukungu lingekaguliwa hivi, ungetafuta pa kuficha uso.”

“Goli gani?”

“Nililofungwa mimi. Wewe umempa namba tisa. Mimi nilifungwa na namba saba.”

Waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akasema namba saba, yule Mguu wa Mgomba, hajawahi kufunga kitu isipokuwa mbuzi. Mwingine akamwambia kipa uzee umemfika, sasa ameanza kuwagawia watu magoli bure. Kipa naye akacheka, akarudi kwenye televisheni. Mimi sikuona tena kilichoendelea kwenye mechi ile.

Inabidi nieleze siku yenyewe. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi ya wilaya, uwanja wetu, na mshindi alikuwa bingwa. Kwenye umati alikuwepo mtu kutoka timu ya ligi kuu iliyokuwa na makao Mbeya. Alikuja kutazama vijana wetu wawili, namba saba na namba tisa, akiwa na nafasi moja tu ya usajili. Kipindi cha kwanza aliwaona wote wawili, na nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba hajaamua. Kipindi cha pili ukungu ukashuka kutoka mlimani. Anayeishi hapa anajua unavyoshuka: unaona goli la mbali, unainama kufunga kiatu, ukiinuka halipo. Refa aliendelea kuchezesha kwa sababu bado aliuona mpira ulio karibu naye. Sisi tuliokuwa pembeni, usawa wa katikati ya uwanja, tulikuwa tunasikiliza tu.

Dakika ya themanini na tatu tulisikia filimbi ya kona upande wa mbali, kisha kelele, kisha vigelegele vya kina mama waliokuwa nyuma ya goli. Halafu ukungu ukafunguka kidogo, na ndani yake wakatoka watu wanaimba, wamembeba namba tisa mabegani. Kwetu mfungaji hubebwa. Ndiyo desturi, na hata leo ni hivyo. Nikatazama saa, nikaandika dakika, nikaandika namba tisa. Mechi ilipokwisha, mtu wa Mbeya akaja kwangu akaniuliza nani kafunga. Nikamfungulia daftari, akasoma, akaenda moja kwa moja kwa namba tisa akamshika mkono.

Namba tisa akaenda Mbeya. Alicheza ligi kuu misimu minne mpaka goti lilipomrudisha nyumbani. Namba saba alibaki. Kwenye hesabu zangu alimaliza miaka yake sita ya kuchezea timu akiwa hana goli hata moja, winga mwenye mbio kuliko wote wilayani, na mimi ndiye niliyekuwa nikilisoma sifuri hilo kila mwaka mbele ya watu. Kutokana na sifuri hilo wakamwita Mguu wa Mgomba, maana mgomba ukiusukuma unalala. Jina likatoka uwanjani likaingia sokoni, likaingia kanisani.

Kesho yake baada ya maneno ya kipa nilimfuata nyumbani kwake. Nilimwomba anieleze polepole, nami nikaandika. Alisema kona ilipigwa, namba tisa akaruka, akaukosa mpira, akaigonga nguzo kwa goti. Mpira ukaangukia kwa namba saba, naye akaupiga chini, kushoto kwa kipa. Namba saba hakushangilia. Aligeuka akakimbia kurudi katikati, kama alivyofanya siku zote hata wenzake wakifunga. Wenzake wawili walimwinua namba tisa ili wamtoe nje apate huduma. Mashabiki waliokuwa nyuma ya goli wakaona mtu kainuliwa, wakadhani ni yeye, wakamnyakua.

“Alikuwa analia,” kipa alisema. “Nyie mnaimba, yeye analia.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

“Nani anamuuliza kipa aliyefungwa? Sisi tulipanda gari tukarudi kambini kimya. Miaka mingi baadaye ndiyo nasikia mnasema namba tisa. Nikadhani ni utani wenu wenyewe.”

Nikarudi nyumbani nikalitafuta daftari la mwaka ule. Mstari wa goli ulikuwepo, kwa wino. Lakini chini yake, kwa penseli, tarehe ya kesho yake, kulikuwa na mstari mwingine wa mkono wangu ambao nilikuwa nimeusahau kabisa: “Namba saba amekuja. Anadai goli ni lake. Shahidi hana.”

Nilikumbuka kidogo kidogo. Alikuja kwenye meza yangu ya kutengenezea saa asubuhi akiwa na nguo za kuchumia chai. Alisema kwa ufupi kwamba goli lile alifunga yeye. Mimi nikamuuliza nani aliona. Akasema ukungu ulikuwa mkubwa, labda kipa wao. Nikamwambia alete watu wawili. Hakurudi.

Namba tisa sikumwomba hata shahidi mmoja. Nilimwona tu amebebwa. Sheria yangu niliyojivunia niliitumia kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anasema kweli. Hapo niliamua kwamba kosa hili litarekebishwa na litasomwa hadharani, mahali palepale na mbele ya watu walewale waliolisikia likisomwa. Nafasi ilikuwepo. Mwezi uliofuata kulikuwa na bonanza la kata, na kamati ilikuwa imeniomba niandike kijitabu kidogo cha historia ya timu na kusoma sehemu yake kabla ya mechi. Mgeni rasmi alikuwa namba tisa.

Kwanza nilikwenda Mpuguso, anakoishi namba saba. Nilimkuta shambani na mkewe wakichuma parachichi, yeye juu ya ngazi, mkewe chini anapanga kwenye kreti. Tulisalimiana kwa Kinyakyusa, kisha nikamweleza kwa Kiswahili, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyapanga kwa Kiswahili. Hakushuka. Aliendelea kukata vikonyo mpaka nikamaliza.

“Kwa hiyo leo ndiyo unaleta swali,” alisema. “Mimi nilikuletea jibu.”

Nikasema ndiyo, na kwamba nilikosea.

Alisema niache, watu wameshazoea. Mkewe akainuka kutoka kwenye kreti.

“Wao wamezoea. Wewe umezoea lini?” Kisha akanigeukia. “Shemeji, binti yetu alirudi kutoka shule analia, ati yeye ni mtoto wa mgomba. Huyu hapa alikwenda nyuma ya nyumba akapasua kuni mpaka jua likazama. Ndivyo alivyozoea.”

Namba saba akashuka. Nilitarajia azungumzie Mbeya, ligi kuu, misimu minne ambayo pengine ingekuwa yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na majibu. Hakuitaja ligi hata kidogo. Alisema yeye alipenda mpira wa hapa, na chai ilikuwa inamngoja kila asubuhi, na huko hajui angefika wapi. Kilichomuuma ni kwamba alifunga, anajua alifunga, na kila alipopita mtu alimwonyesha mguu.

“Kama unaandika, andika,” alisema. “Lakini usiniombe ruhusa. Na usiniombe msamaha hapa mbele ya mke wangu ili nikujibu kwamba hakuna shida. Shida ilikuwepo.”

Nikamwambia nimesikia. Mkewe alinipa parachichi nne za kupeleka nyumbani. Sikujua kama nilistahili kuzipokea, lakini kwetu huwezi kukataa, nikashukuru kwa Kinyakyusa, nikasema ndaga.

Nilikuwa na shahidi mmoja, kipa. Refa alishafariki, na wale wawili waliomwinua namba tisa walisema katika ukungu waliona tu mwenzao ameanguka. Wa pili aliyekuwa karibu kabisa, ambaye si mwenye kudai, alikuwa namba tisa mwenyewe. Ana duka la mbegu na mbolea huko Ibighi, na ukutani ametundika picha ya kikosi cha ligi kuu, yeye akiwa amechuchumaa mstari wa mbele. Ni mtu mwema. Ametoa jezi kwa timu yetu mara mbili, na vijana wanaotaka kucheza ligi wanamfuata kwa ushauri. Nayasema haya kwa sababu sikwenda kwake kama mtu anayekwenda kumkamata mwizi.

Nilisubiri wateja waishe, nikamuuliza: siku ya ukungu, alifunga nani?

Alianza kupanga mifuko ya mbegu za mahindi ambayo ilikuwa imeshapangwa.

“Katibu, mimi nilicheza ligi kuu misimu minne. Hiyo si wewe uliyenipa.”

“Si mimi. Ulicheza kwa miguu yako. Sijaja kuchukua misimu minne. Nimekuja kwa goli moja.”

“Goli hilo ndilo lililokuwa mlango.”

Nikamwambia najua, na kwamba mlango huo niliufungua mimi kwa kalamu, na nitaandika hivyo. Nikamweleza utaratibu wangu. Nitaandika alichosema kipa. Nitaandika kwamba namba saba alikuja siku ya pili nikamrudisha. Na yeye, akijibu nitaandika jibu lake, asipojibu nitaandika kwamba aliulizwa.

“Unanitisha?”

“Nakueleza mapema ili usilisikie kwanza uwanjani ukiwa umekaa kiti cha mgeni rasmi.”

Mteja akaingia akataka dawa ya kunyunyizia nyanya, akahudumiwa, akatoka. Namba tisa akasema, bila kunitazama, kwamba siku ile goti lilimuuma mpaka aliona nyota, na kwamba kabla maumivu hayajatulia mechi ikaisha, na yule mtu wa Mbeya akawa ameshamshika mkono. “Nilikuwa na miaka kumi na tisa,” alisema. Nikaaga nikaondoka, na njia yote ya kurudi Makandana nilijiuliza kama hilo lilikuwa jibu. Niliamua si jibu. Mtu kusema aliumia goti si sawa na kusema hakufunga.

Wiki mbili zilizobaki kabla ya bonanza niliandika kijitabu. Ukurasa wa mechi ile niliuandika mara saba. Katika vitabu vya wanamichezo nimeona namna mbili za kukiri kosa. Kuna anayekiri kwa maneno mengi mpaka wewe msomaji unaanza kumhurumia yeye, na aliyemkosea anapotea. Na kuna anayesema nilifanya hivi, kwa fulani, siku fulani, basi. Nilitaka ya pili, na kila nilipomaliza nilikuta maneno ya kunitetea yamejipenyeza: ukungu ulikuwa mkubwa, kila mtu alidhani hivyo. Nikayakata. Kwenye daftari la zamani sikufuta kitu. Nilipiga mstari mmoja kwa rula juu ya maandishi yale, yakiwa bado yanasomeka, nikaandika pembeni maelezo na tarehe ya siku niliyosahihisha. Mwenyekiti wa kamati alipoona nakala aliniomba nilitoe jambo hilo, akasema bonanza ni la furaha na mgeni atajisikia vibaya. Nikamjibu kwamba ukurasa ukitoka, na mimi natoka, watafute mwingine wa kusoma. Hakuwepo mwingine.

Siku ya bonanza kulikuwa na jua. Niliposhika kipaza sauti nilimtafuta namba saba kwa macho sikumwona. Nilisoma kwa mpangilio: timu ilivyoanzishwa, uwanja ulivyolimwa kwa majembe, makocha. Nilipofika kwenye mechi ya ukungu nilisoma kama nilivyoandika. Kwamba kwa maelezo ya kipa aliyefungwa, goli lilifungwa na namba saba. Kwamba namba saba alikuja kulidai na mwandishi akamrudisha kwa kukosa mashahidi, ilhali mwandishi huyohuyo hakudai mashahidi kwa namba tisa. Kwamba kosa ni la mwandishi, na kila hesabu iliyosomwa tangu siku hiyo ilikuwa na kosa hilo ndani yake. Kwamba namba tisa aliulizwa.

Watu walianza kunong'ona kabla sijamaliza. Mmoja upande wa goli akapaza sauti kwamba kipa mmoja ni shahidi mmoja tu, na sheria ya katibu tunaijua. Wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Nikageuza ukurasa.

“Ni kweli alivyosema.”

Alikuwa namba tisa. Hakusimama, na alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali dukani, kwa hiyo waliokuwa nyuma hawakusikia. Nikampelekea kipaza sauti. Akakishika, akasema.

“Mimi sikufunga. Mimi nilikuwa nimeumia, mkanibeba. Aliyefunga ni yule mwenzangu. Nilinyamaza, na nimenyamaza mno.”

Maneno yakasafiri pembeni mwa uwanja, huyu akimwambia yule, kasema hakufunga, kasema ni Mguu wa Mgomba, na mama mmoja akamkemea aliyesema hivyo: mtaje kwa jina lake. Wakaanza kutazamana, kila mmoja akimtafuta mtu wa kumtazama. Alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma ya watu karibu na kibendera cha kona, na mkewe, wote na nguo za shamba. Vijana wawili wakamkimbilia wakitaka kumwinua mabegani. Akawaondoa mikono, akawaambia wamwache, miguu yake inamtosha. Namba tisa akainuka kwenye kiti cha mgeni rasmi, akavuka uwanja mzima akichechemea, na walisalimiana kwa mikono miwili. Waliyoambiana sikuyasikia, na sikuwauliza. Mwenyekiti akanionyesha saa. Nikasoma ukurasa uliofuata.

Jumatatu asubuhi namba saba alikuja kwenye meza yangu. Hakukaa. Aliomba daftari la zamani, si kijitabu. Nikamfungulia. Alisoma mstari uliopigwa rula, akasoma wa penseli, akasoma wa pembeni, halafu akarudia wa penseli. Akatoa simu akaupiga picha ukurasa ili amtumie binti yake aliyeko Mbeya. Picha ya kwanza ilitoka na kivuli cha mkono wake, akapiga nyingine.

“Mechi za ukungu ziko ngapi humu?” aliuliza.

Nilikuwa nimeshazihesabu usiku wa bonanza. Nikamwambia kumi na moja.

“Na makipa wake bado wako hai?”

“Sita najua wako hai. Wengine sijui.”

Akanirudishia daftari. “Basi anza na wazee,” alisema, akashika njia ya Mpuguso.

Mpaka naandika haya nimeshawaona watatu. Wawili wamesema nilichoandika ni sawa. Wa tatu ameniomba nirudi nikiwa na muda wa kutosha.